Kuishi na Hofu ya Radi Magharibi mwa Kenya: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila mvua za masika zikikaribia, maswali huwa yale yale. Mtu mzima kuogopa radi ni ugonjwa? Simu huvuta radi? Ngurumo ikianza nikiwa darasani mbele ya wanafunzi, nifanyeje? Nihame huku? Anayeuliza leo ni mama mboga wa Kondele, kesho ni mwalimu wa Kisii, kesho kutwa ni kijana wa boda boda wa Mbale ambaye huegesha pikipiki mara tu wingu linapojikusanya upande wa Nandi, akapoteza abiria wa jioni nzima. Nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata mwenyewe nyumbani.

Naandika nikiwa Kakamega, mji unaopata karibu milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na hofu hii naijua tangu utotoni. Bado huja. Lakini haiamui tena nitoke saa ngapi wala nifanye kazi gani. Hicho ndicho ninachokuahidi ukifuata hatua hizi: kwamba utaendelea na shughuli zako ngurumo zikiwepo. Kuipenda radi si lazima.

Kabla ya kuanza, tenga vitu viwili: hatari na hofu

Watu watakuambia "hakuna cha kuogopa". Si kweli, na moyoni unajua si kweli. Radi imeua watu na mifugo huku kwetu, na karibu kila kijiji kina mahali panapoonyeshwa kwamba ilipiga hapo. Ndiyo maana maneno ya "jikaze" hayakusaidii.

Ukweli wenye msaada ni huu. Hatari iko nje yako. Inapimwa kwa sekunde na kilomita, ina kanuni zake, na kanuni hizo zina mwisho: ukishaingia mahali salama, kazi yako kwa hatari imekwisha. Hofu iko ndani, nayo haitosheki. Ukiitii leo kwa kujificha chini ya kitanda, kesho itadai uzibe madirisha, na msimu ujao itadai usitoke nyumbani baada ya saa nane. Kwa hivyo hatari tunaitii, hofu tunaizoeza. Wengi hushindwa kwa sababu wanavichanganya: wanaidharau hatari ili waonekane jasiri, kisha wanaitii hofu wakiwa peke yao.

Na kwa nini radi ni nyingi huku kuliko sehemu nyingine za nchi? Ni ziwa na milima. Mchana jua hupasha nchi kavu joto kuliko maji ya Ziwa Victoria, upepo wa ziwa unaingia bara na kukutana na pepo za kutoka mashariki karibu na miinuko ya Nandi na Kericho, hewa yenye unyevu inapanda juu, na kufikia alasiri wingu la radi limesimama. Usiku mambo hugeuka: hewa baridi inateremka kuelekea ziwani, na dhoruba nyingi hutokea juu ya maji hadi alfajiri. Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Haya yana faida kwa mwoga: radi ya huku ina saa zake, na kitu chenye saa zake unaweza kukipangia.

Utakachohitaji

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari halizimiki.
- Saa au simu ya kuhesabia sekunde.
- Tochi au taa ya sola iliyojaa chaji. Stima huku hupotea matone ya kwanza yakianguka, na giza la ghafla huwatisha wengine kuliko ngurumo yenyewe.
- Rekodi za sauti: mvua juu ya mabati, ngurumo za mbali, radi za karibu. Zipakue mapema. Ukiweza kurekodi mwenyewe ukiwa ndani ya nyumba yako, ni bora zaidi, maana sauti unayoiogopa ni ile inayogonga bati lako.
- Mtu mmoja unayemwamini: mume, mke, dada, jirani, mwenzako wa chama. Mweleze mapema kwamba kazi yake ni kukaa nawe, si kukubembeleza na si kukucheka.
- Dakika 20 kwa siku, siku nne au tano kwa wiki.

Ukiwa na ugonjwa wa moyo, pumu kali au kifafa, zungumza na daktari kwanza kabla ya hatua ya 6. Wakati mzuri wa kuanza ni Januari au Februari, au wiki yoyote yenye jua jingi. Usianzie katikati ya dhoruba.

Hatua ya 1: Andika unachokiogopa hasa

"Naogopa radi" haitoshi. Mmoja anaogopa mlio wa ghafla tu, na hata baluni likipasuka kwenye harusi anaruka. Mwingine mlio haumsumbui, anaogopa kufa na kuwaacha watoto. Wa tatu anaogopa upepo kuezua mabati. Wa nne hofu yake ni mwili wake mwenyewe: moyo kwenda mbio, kifua kubana, kuaibika mbele ya watu. Hawa wanne hawafanyi mazoezi yaleyale.

Jaza sentensi hii daftarini: "Ngurumo ikianza, ninaamini kwamba ____ itatokea." Iandike ilivyo, hata kama inaonekana ya kitoto. Utairudia katika hatua ya 8. Chini yake, orodhesha yote unayoyafanya ili upate nafuu: kuziba masikio, kujifunika blanketi, kumpigia mama simu mara tano, kuwasha redio kwa sauti ya juu, kuondoka kazini mapema.

Hatua ya 2: Maliza habari ya hatari

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote. Usiiruke, hata kama unaona unayajua haya, kwa sababu huwezi kuizoeza hofu wakati sehemu moja ya akili bado inauliza kama uko salama kweli.

Kanuni ya kwanza: ukisikia ngurumo, ingia ndani. Ngurumo husikika hadi kilomita kama 15, na radi inaweza kupiga mbali na mvua yake, mahali ambapo bado kuna jua. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hivyo kila sekunde tatu kati ya mmuliko na mlio ni kilomita moja. Ukihesabu 30 au chini yake, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 na unapaswa kuwa umeshaingia. Ukiwa ndani, kaa hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Ngurumo nyingine ikilia, anza kuhesabu upya.

Na shika neno hili, kwa sababu limewasaidia wengi niliowaeleza: ukiisikia ngurumo, radi iliyoileta imekwisha kupiga, na haikukupata. Mlio wenyewe hauwezi kukudhuru. Mwoga hujikunja mlio unapofika, yaani baada ya jambo lenyewe kupita.

Mahali salama ni jengo kubwa la mawe au matofali lenye nyaya za stima na mabomba ya maji, kwa sababu mkondo wa radi hupitia humo hadi ardhini. Gari lenye paa la chuma na madirisha yaliyofungwa ni salama pia. Kinachokukinga ni bodi ya chuma inayopitisha mkondo nje yako, si matairi. Kwa sababu hiyo matatu ni mahali pazuri. Tuktuk na boda boda si mahali pa kujikinga. Kibanda cha sokoni, stendi ya boda yenye bati juu ya nguzo nne, banda la ng'ombe, na chini ya mti wowote, hata mwembe wa nyumbani, si mahali pa kujikinga na radi. Hukinga mvua tu. Gambuti hazizuii radi.

Nyumba ya udongo yenye mabati ndilo swali gumu zaidi, nami sitakudanganya. Bati halivuti radi kutoka mbinguni. Tatizo ni kwamba radi ikipiga nyumba isiyo na njia ya kupeleka mkondo ardhini, mkondo unaweza kuruka kando na kuwapata waliomo. Si salama sawa na jengo kubwa, lakini ni afadhali kuliko kuwa nje au chini ya mti. Kukiwa na kanisa la matofali, shule au duka kubwa karibu, na wingu unaliona mapema, nenda huko kabla halijafika. Usiku, au mvua ikishaanza, baki ndani: kaa katikati ya chumba, mbali na kuta, mlango, dirisha na nguzo, juu ya kiti au kitanda, miguu pamoja. Boma, chama au shule mkiweza kuchanga pesa za kinga ya radi, tafuteni fundi anayejua kuizika ardhini vizuri. Chuma kilichosimikwa juu ya paa bila waya mzuri wa ardhini ni hatari mpya.

Ndani ya nyumba, chomoa televisheni na chaja mapema, wala si dhoruba ikiwa juu yako. Usioge wala kuosha vyombo kwa maji ya bomba. Simu iliyo mkononi haivuti radi. Simu iliyounganishwa kwenye chaja ukutani ndiyo isiyoshikwa.

Nje ukinaswa, kwenye miwa ya Mumias au malishoni, weka jembe chini, teremka kutoka kwenye kilima, ondoka karibu na mti unaosimama peke yake, ua wa seng'enge na maji. Mkiwa wengi, tawanyikeni. Usilale chini. Endelea kuelekea jengo la karibu, maana hakuna mkao wa mwili unaomfanya mtu awe salama nje.

Wavuvi wa omena mko kwenye hatari halisi. Mnavua usiku kwa taa, na usiku ndio saa ya dhoruba za ziwani. Kwenu hofu ikisema rudini ufuoni mnapoona mimuliko upande wa maji, inasema kweli. Itiini.

Mtu akipigwa na radi, mwili wake haubaki na umeme. Mguse mara moja. Asipopumua, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kama sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine akitafuta gari la hospitali. Usimzike ardhini wala kumpaka matope. Wengi wanaopigwa na radi huishi, na anayekufa mara nyingi hufa kwa sababu moyo ulisimama na hakuna aliyeubonyeza.

Kisha kuna yale tuliyoambiwa tukiwa wadogo: funika kioo, vua nguo nyekundu, usiongee. Hayapunguzi hatari hata kidogo. Nyanya yako akitaka kufunika kioo, mfunikie kwa heshima, ni nyumba yake. Lakini wewe unayezoeza hofu usiyaongeze kwenye orodha yako, kwa sababu kila sharti jipya ni mlango mwingine wa kukimbilia. Na radi haitumwi na jirani. Nalisema waziwazi kwa sababu nimeona ujirani wa miaka mingi ukivunjika kwa neno hilo moja.

Ukimaliza, nakili kanuni zako tano au sita kwenye ukurasa mmoja. Hizo ndizo zote. Siku ya dhoruba hutaongeza nyingine.

Hatua ya 3: Soma utabiri mara mbili kwa siku, basi

Asubuhi moja, adhuhuri moja. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga hutoa taarifa za kila siku na za wiki, na redio za lugha zetu huzisoma. Ongeza macho yako: wingu jeupe linalopanda kama mnara saa sita mchana lina habari kuliko programu ya simu. Huku magharibi kusoma anga ni elimu ya zamani. Wazee wa ukoo wa Nganyi kule Bunyore, Vihiga, wamejulikana kwa kazi hiyo vizazi na vizazi, na wataalamu wa idara wamewahi kuketi nao kulinganisha utabiri.

Kuangalia simu kila robo saa ni hofu imejivika nguo ya tahadhari. Mara mbili, basi.

Hatua ya 4: Jifunze kupumua wakati kuna jua

Keti, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lisukume mkono. Itoe polepole ukihesabu hadi sita. Fanya dakika tano, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili. Kizunguzungu na ganzi ya vidole vinavyokutisha wakati wa dhoruba mara nyingi huletwa na kuhema haraka kupita kiasi, na kutoa pumzi ndefu ndiko kunakovirudisha chini.

Kosa la kawaida hapa ni kungoja siku ya radi ndipo ujaribu. Mwili uliotishika haujifunzi kitu kipya. Hufanya tu ulichokizoea.

Hatua ya 5: Tengeneza ngazi yako

Chora ngazi yenye vipandio nane hadi kumi. Kila kipandio ni jambo moja linalokutisha, nawe ulipe alama kutoka 0 hadi 10. Kipandio cha chini kiwe cha alama 2 au 3, cha juu kabisa kiwe kile ambacho leo huwezi hata kukiwaza.

Mfano wa mtu anayeishi Kisumu: kutazama picha ya wingu jeusi. Kusikiliza rekodi ya mvua ya kawaida juu ya bati. Kusikiliza ngurumo za mbali kwa sauti ndogo, mchana, mlango ukiwa wazi. Ngurumo hizohizo kwa sauti kubwa. Radi za karibu, usiku, taa zikiwa zimezimwa, mwenzako akiwa chumba cha pili. Video ya radi yenye mwanga. Kisha vipandio vya kweli: kukaa sebuleni na kutazama mimuliko ya mbali juu ya ziwa usiku. Kukaa ndani dhoruba ikiwa karibu, bila blanketi kichwani. Kukaa hivyo peke yako. Kupanda matatu ya Ahero au Maseno saa tisa alasiri, siku ambayo mawingu yameshaanza kujikusanya.

Angalizo moja lisilo na mjadala: hakuna kipandio kinachofanyiwa nje wakati wa radi. Kusimama uwanjani ili "kuishinda hofu" si zoezi, ni kujiweka kwenye hatari tuliyoizungumzia katika hatua ya 2.

Kama unachokiogopa ni upepo au mvua ya mawe, ngazi hutengenezwa vivyo hivyo, na watu wa Kericho wataanza na sauti ya mawe juu ya bati. Mafuriko ni habari nyingine. Anayeishi karibu na mto Nyando au kule Budalang'i akiambiwa ahame, ahame. Hiyo haifanyiwi mazoezi ya kuvumilia.

Hatua ya 6: Panda polepole, na usishuke kileleni

Anza na kipandio cha chini. Weka rekodi, kaa, andika alama ya hofu kila dakika mbili. Itapanda kwanza. Acha ipande. Moyo utaenda mbio, viganja vitaloa jasho. Huo ni mwili unaojiandaa kukimbia, hauui mtu mwenye afya. Ukikaa bila kukimbia, mara nyingi ndani ya dakika chache alama huacha kupanda, kisha huanza kushuka. Endelea hadi ifike nusu ya ilipokuwa juu. Ikiwa ilifika 8, usizime kabla ya 4.

Ukizima ikiwa kileleni, akili hujifunza kwamba kuzima ndiko kulikokuokoa, na kesho itaanza juu zaidi. Hili ndilo kosa linalovunja watu wengi kuliko yote. Ikikuzidi kweli, punguza sauti badala ya kuzima, na ubaki hapo.

Rudia kipandio kilekile siku baada ya siku hadi kianze kukuchosha. Ndiyo, kukuchosha: ukianza kuwaza habari ya unga na karo rekodi ikiendelea kunguruma, uko tayari kwa kinachofuata. Wengine hupanda kimoja kwa wiki, wengine hukaa kimoja mwezi mzima. Usijilinganishe na mtu.

Unapopanda, ondoa vile ulivyoorodhesha katika hatua ya 1, kimoja kimoja. Usiviondoe vyote siku moja. Anza na kile kidogo, labda kupiga simu mara tano ziwe mara mbili.

Hatua ya 7: Siku ya dhoruba yenyewe

Wingu likijikusanya, fanya ya hatari kwanza, kwa mpangilio uleule kila mara: chomoa vifaa, chota maji ya kutosha kwenye ndoo, weka tochi mkononi, ingia ndani, keti mbali na ukuta. Yakiisha, sema kwa sauti: "Ya hatari nimemaliza." Si uchawi, ni mpaka kati ya kazi ya kwanza na ya pili.

Baada ya hapo shika kazi ya mikono. Chambua mboga, kunja nguo, sahihisha madaftari. Kukaa bure ukisubiri mlio unaofuata huikuza hofu. Umeme ukimulika, hesabu sekunde na uandike. Sekunde 9, kilomita 3. Sekunde 15, kilomita 5. Wengi hugundua hapo kwamba dhoruba waliyodhani iko juu ya paa ilikuwa ng'ambo ya mji, na kwamba imeshaanza kwenda zake.

Ukiwa kazini, mwambie mtu mmoja mapema, siku ya jua: "Ngurumo zikianza hunyamaza kidogo, usishtuke." Mwalimu aliye darasani na awape wanafunzi kazi ya kuandika, aondoke karibu na dirisha, apumue pumzi ndefu kama kumi akipita katikati ya madawati. Hakuna atakayejua. Dereva abaki ndani ya gari. Wa boda boda aegeshe, aingie dukani au kwenye jengo, asubiri zile dakika 30, kisha arudi barabarani siku hiyohiyo. Kurudi ndilo zoezi. Ukienda nyumbani moja kwa moja, hofu imeshinda jioni yako.

Hatua ya 8: Baada ya mvua, rudi kwenye daftari

Andika mistari mitatu tu: nilitarajia nini, kilitokea nini, hofu ilifika ngapi. Ilinganishe na ile sentensi ya hatua ya 1. Usiandike hotuba. Ukiwa na kurasa za msimu mzima utaona jambo ambalo kumbukumbu haiwezi kukuonyesha, kwa sababu kumbukumbu ya mwoga huhifadhi ile radi moja kubwa na kusahau jioni zote zilizopita salama.

Makosa mengine ya kuepuka

Pombe na vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa kiholela. Vinaziba hofu usiku mmoja na kuiacha palepale, na mlevi hawezi kufuata kanuni za usalama. Kulazimishwa: mume anayemtoa mkewe nje "azoee" anamwongezea hofu na kumweka hatarini kwa wakati mmoja. Kutumia radi kumtisha mtoto, kwamba Mungu amekasirika kwa sababu hakumaliza uji.

Nikae kidogo kwa watoto, kwa kuwa wazazi huuliza sana. Mtoto husoma uso wako kabla ya maneno yako. Usimwambie haogopi wakati anatetemeka. Mwambie, "Najua inatisha. Tuko ndani, tumefunga. Hebu tuhesabu." Kuhesabu sekunde pamoja humpa kazi, na mtoto wa darasa la tatu anayeweza kugawanya kwa tatu atakuambia kilomita kabla yako. Mwache alale chumbani kwenu usiku wa dhoruba kubwa, lakini kesho yake arudi kwake.

Ikikwama

"Hofu haishuki hata nikikaa nusu saa." Kipandio ni kirefu mno. Kigawe mara mbili. Au angalia kama kuna kitu unakishikilia kwa siri: kidole sikioni, maombi unayoyakimbiza mfululizo ili mlio usikufikie. Omba, lakini omba kwa utulivu, mara moja, uendelee na zoezi.

"Rekodi hazinitishi ila radi ya kweli inanitisha." Ni kawaida. Ruka uende vipandio vya kweli, ukianza na dhoruba za mbali.

"Huamka usiku kabla hata haijanguruma." Anayelala kandokando ya ziwa husikia dhoruba za alfajiri hata akiwa usingizini. Weka tochi na daftari karibu na kitanda, keti, pumua dakika tano, rudi kulala. Usiamshe nyumba nzima.

"Kifua hunibana hadi nadhani ni moyo." Pimwa mara moja hospitalini ili ujue. Ukiambiwa moyo ni mzima, lichukue jibu hilo na usirudi kupimwa kila mvua. Maumivu yanayokuja hata siku za jua, au ukifanya kazi nzito, ni ya daktari, wala si ya ngazi.

"Nilimwona mtu wangu akipigwa." Pole sana. Usitumie ngazi hii peke yako. Jambo ulilopitia lina jeraha lake na linahitaji mtu aliyefunzwa kukaa nawe.

"Nimefuata yote msimu mzima, bado siwezi kwenda kazini." Nenda kwenye kliniki ya afya ya akili. Kisumu kuna hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi, na hospitali kubwa za kaunti, Kakamega na Nakuru zikiwemo, zitakupokea au kukuelekeza. Sema wazi: "Nina hofu ya radi inayonizuia kazi." Hii ni hofu inayojulikana na ina matibabu, mengi yakiwa mazungumzo na mazoezi kama haya, lakini yakiongozwa. Nenda na daftari lako; litamwokolea daktari saa nzima ya maswali. Kama hofu imekufikisha kwenye mawazo ya kujidhuru, usingoje msimu wala miadi: nenda leo, na mtu akusindikize.

"Msimu ulipoisha niliacha mazoezi, na Machi imenirudisha mwanzo." Hujarudi mwanzo; umekosa mazoezi tu. Rudi vipandio viwili chini, utapanda haraka kuliko mara ya kwanza. Na mwaka huu, miezi ya jua ikifika, weka siku moja ya wiki ya kusikiliza rekodi ya kipandio chako cha juu kwa dakika 20, na chaji ile taa ya sola hata kama hakuna wingu.